Ndugu Wawili na Kamusi Yao



Nimetakiwa niseme machache juu ya lugha. Nimeona niwasimulie habari za Jacob Grimm, mwanachuoni wa lugha na fasihi ya Kijerumani, kwani maisha yake yana mafunzo kwa jamaa waliotawanyika kama sisi.

Jacob alizaliwa mjini Hanau mwaka 1785. Mdogo wake, Wilhelm, akafuatia mwaka 1786. Baba yao alifariki mwaka 1796, naye Jacob, mtoto wa miaka 11, akabebeshwa mzigo wa ukubwa. Hata Wilhelm alipooa, Jacob, ambaye hakuoa maishani, aliishi naye nyumba moja. Kwa pamoja walikusanya hadithi za mapokeo, wakaanza kuzichapisha mwaka 1812. Miongoni mwa waliowasimulia ni Dorothea Viehmann, mke wa mshona nguo, aliyekuwa akiuza mazao ya bustani yake mjini Kassel. Wasomi hawa hawakuona haya kumsikiliza mama muuza mboga.

Mwaka 1837 mfalme wa Hanover aliifuta katiba ambayo watumishi wa dola walikuwa wameiapia. Maprofesa 7 wa Chuo Kikuu cha Göttingen, ndugu hawa wakiwamo, walipinga kwa maandishi. Wote 7 walifukuzwa kazi, na Jacob akapewa siku 3 aihame nchi. Mimi niliyetumikia serikali hadi kustaafu najua uzito wa kiapo, na najua pia jinsi wengi wetu tunavyonyamaza.

Katika dhiki hiyo, mwaka 1838, walikubali kutunga kamusi kuu ya Kijerumani. Juzuu ya kwanza ilitimia mwaka 1854. Wilhelm alifariki mwaka 1859, akiwa amemaliza herufi D. Jacob alifariki mwaka 1863 akiwa kwenye herufi F, katika neno lenye maana ya tunda. Wengine waliipokea kazi, kizazi baada ya kizazi. Hata Ujerumani ilipogawanyika, wanachuoni wa Berlin na wa Göttingen, pande mbili za mpaka, waliendelea nayo. Ilikamilika mwaka 1961, vitabu 32.

Ndugu zangu, shangazi yangu alitutoka mwaka jana. Alikuwa akisuka mikeka, na kila namna ya ukili aliijua kwa jina lake. Mara nyingi niliazimia kuketi naye na kalamu. Kila mara nikasema, safari ijayo. Majina yale amekwenda nayo, na lawama ni yangu.

Basi nawaombeni: kila nyumba iwe na daftari, na kila kijana amwandikie mzee mmoja maneno yake. Msiogope kwamba hamtamaliza. Jacob naye hakumaliza.