Gitaa Halifi kwa Sababu ya Ufunguo

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanafunzi wa zamani, walimu na wanafunzi, siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Nimeombwa niseme juu ya jambo lolote la ufundi litakalowafaa vijana. Jana mchana nilionyeshwa chumba cha stoo, nikakuta magitaa matano yamelazwa juu ya madawati mabovu, yakiwa yameandikiwa kufutwa katika daftari la mali ya shule. Niliyakagua moja moja. Moja limevunjika shingo, na hilo ni kazi ya seremala hodari. Manne yaliyobaki hayana ugonjwa mwingine ila funguo za kukazia nyuzi. Kwa hiyo leo nitasema habari za funguo hizo, ili kabla daftari halijatiwa sahihi tujue tunachokitupa ni nini.

Kwanza tuelewe ufunguo unavyofanya kazi. Mpiga udi wa taarab, kule Unguja au Mombasa, hukaza nyuzi zake kwa vigingi vya mti. Kigingi hukaa mahali pake kwa kubanwa na tundu lake tu. Kikilegea, uzi nao hulegea. Gitaa la siku hizi lina chuma. Ukizungusha kishikio, unazungusha skrubu fupi. Skrubu hiyo imeumana na gurudumu dogo lenye meno, na gurudumu limeshikamana na mhimili unaozungushiwa uzi. Siri yote imo hapo: skrubu huweza kulizungusha gurudumu, lakini gurudumu haliwezi kuizungusha skrubu. Ndiyo maana nyuzi sita za chuma, ambazo kwa pamoja huvuta kwa nguvu ya karibu kilo 70, haziwezi kujifungua zenyewe usiku mmelala.

Mafundi hutaja ufunguo kwa hesabu ya meno yake. Wakisema 14 kwa 1, maana yake ni kwamba kishikio huzunguka mara 14 ndipo mhimili uzunguke mara moja. Mhimili wenye unene wa milimita 6 una mzingo wa karibu milimita 19. Gawanyeni kwa 14: kila mzunguko mmoja wa kishikio huvuta uzi kiasi cha milimita 1.3 hivi. Ufunguo wa 18 kwa 1 huvuta milimita 1 tu, na kwa hiyo ni rahisi zaidi kuipata sauti sawasawa. Vijana wanaouliza hesabu za uwiano zina faida gani, jibu mojawapo ni hilo.

Pili, tusiuhukumu ufunguo kabla ya kusikiliza mashahidi wengine. Gitaa likipoteza sauti, mara nyingi kosa haliko kwenye meno. Nyuzi mpya hunyooka kwa siku mbili tatu za mwanzo. Hiyo ni tabia yake. Uzi uliozungushwa ovyo, safu juu ya safu, hutelezateleza kwenye mhimili. Na kuna kile kipande cha mfupa au plastiki chenye mifereji sita, pale shingo inapokutana na kichwa. Mfereji ukiwa mwembamba, uzi hunaswa: unakaza, sauti haipandi, kisha ghafla unasikia "tik" na sauti imeruka kupita mahali pake. Dawa yake ni unga wa risasi ya penseli katika mfereji huo. Halafu kamateni bisibisi mkague skrubu zote za kichwani, maana iliyolegea huuacha ufunguo mzima ucheze.

Baada ya hapo ndipo tuuchunguze ufunguo wenyewe. Zungusheni kishikio taratibu huku na huku. Kikizunguka robo nzima bila uzi kuitikia, meno yamelika. Mkiona mhimili umepinda, au kishikio kimevunjika, au gurudumu linaruka meno, basi ufunguo huo umekwisha. Kama ni mchezo mdogo tu, bado mnaweza kuishi nao: fikieni sauti kwa kupanda kutoka chini siku zote. Mkipita, shukeni chini kabisa mpande tena, ili meno yabaki yameegemea upande mmoja.

Hapa nina neno zito. Magitaa mawili kati ya yale manne yametengenezwa kwa nyuzi za nailoni, ambazo sita kwa pamoja huvuta karibu kilo 40. Mtu aliyafunga nyuzi za chuma, pengine ili yalie kwa nguvu zaidi. Ile mihimili minene iliyovikwa plastiki ikapasuka na kupinda. Hata tukifunga funguo mpya leo, nyuzi za chuma zikirudi, kitakachofuata kung'oka ni daraja la tumboni, na hapo hasara si ya skrubu tena. Gitaa la nailoni lifungwe nailoni.

Tatu, kununua. Hapa wengi hupoteza fedha, kwa sababu funguo hazifanani. Gitaa la nailoni kwa kawaida huwa na vibao viwili, kila kibao kimebeba funguo tatu. Pimeni kutoka katikati ya mhimili mmoja hadi katikati ya wa pili: vingi ni milimita 35, lakini si vyote. Gitaa la nyuzi za chuma mara nyingi lina funguo moja moja, tatu kila upande au sita upande mmoja. Funguo za upande wa kushoto hazifanani na za kulia, kwa hiyo semeni wazi mnataka zipi. Pimeni pia tundu. Funguo nyingi za kisasa zinazokazwa kwa nati huhitaji tundu la karibu milimita 10; zile za mtindo wa zamani zenye bushi ya kugongwa huhitaji dogo zaidi. Nendeni dukani na vipimo vilivyoandikwa, na ikiwezekana na ufunguo wa zamani mfukoni.

Nne, kufunga. Legezeni nyuzi zote polepole, msikate uzi uliokazwa. Fungueni nati kwa spana, kisha skrubu ndogo za nyuma, na kila kitu kiwekwe ndani ya kikombe. Jaribisheni funguo mpya kabla ya kukaza chochote. Matundu ya skrubu za zamani yasipolingana, yajazeni kwa vijiti vya kuchokolea meno na gundi ya mbao, mwache hadi kesho yake. Ndipo mtoboe tundu jembamba kwa keekee, jembamba kuliko skrubu, na skrubu muipake sabuni au nta ya mshumaa. Skrubu hizi ni nyembamba. Ukilazimisha ndani ya mti mgumu, kichwa hukatika mkononi na kiwiliwili hubaki ndani. Tundu kubwa likihitaji kupanuliwa, litanueni kidogo kidogo kwa tupa ya mviringo. Keekee kubwa hung'oa rangi na kuupasua mti. Nati ikazwe ishike tu.

Uzi wa chuma upewe nafasi ya mizunguko miwili au mitatu juu ya mhimili, kila mzunguko ukikaa chini ya uliotangulia, nadhifu. Funguo zilizo wazi zipewe tone moja la mafuta ya cherehani mara moja kwa mwaka. Mafuta ya kupikia hapana, yanaganda na kushika vumbi. Zile zilizofunikwa kabisa zimekwisha kutiwa grisi kiwandani, ziacheni.

Ndugu Mwenyekiti, Jean Bosco Mwenda alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, mji uitwao Likasi leo, akiwa na gitaa moja tu lisilo na umeme, na sauti ya gitaa lile ikafika mbali. Hatuwezi kujua ni kijana gani wa shule hii anayengoja gitaa lenye funguo sita zinazoshika. Tunachojua ni kwamba manne yamo stoo.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. La kwanza, Mkuu wa Shule ayafute magitaa manne katika orodha ya vitu vya kutupwa. La pili, chama chetu kinunue seti nne za funguo na nyuzi zake zinazostahili, lakini kisimlipe fundi. Vijana wafunge wenyewe, nami nitakaa nao Jumamosi mbili kuwaelekeza. Atakayefunga ufunguo kwa mkono wake ndiye atakayemzuia mwenzake asitie nyuzi za chuma pasipostahili. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wetu huu unazibwa kwa bisibisi.