Habari Iende na Irudi



Nimeombwa niseme juu ya mawasiliano katika kazi mpya za jamii. Mimi ni mwalimu wa darasa la nne, basi nitaanzia darasani. Mwaka mmoja niliona katika daftari la mahudhurio kwamba wasichana wanakosekana siku zile zile kila juma. Nilipouliza nikajibiwa: "Mwalimu, tulikwenda kutafuta kuni." Na nyote mnajua yanayowapata huko porini.

Wakati huo mafunzo ya jiko la udongo yalikuwa yamekwisha kutolewa. Jiko lile ni jema. Mafiga matatu huacha moto upotee pembeni. Ukiuzungushia ukuta wa udongo uliochanganywa na nyasi, joto hubaki chini ya sufuria na kuni hupungua. Tangazo lilipita kwa kipaza sauti, karatasi zikabandikwa kwa Kifaransa na Kiswahili sanifu, wazee wakaitwa mkutanoni. Wapikaji walikuwa kwenye foleni ya maji! Majiko yakajengwa machache, na mengi yakaachwa. Ikasemwa kwamba akina mama ni wagumu wa kuelewa.

Sisi walimu tukaenda kuuliza pale pale bombani, kwa Kibembe, lugha ya wengi wetu tuliotoka Fizi. Jibu tulilipata siku ya kwanza: mdomo wa jiko ni mdogo kwa sufuria ya watu wanane, na mama akisonga ugali linatikisika hadi linapasuka. Basi, ni hilo tu. Mama mmoja akatuonyesha namna ya kulijenga pana, nusu yake ndani ya ardhi. Jirani zake wakaiga bila tangazo.

Siibezi redio. Radio Kwizera ya Ngara, iliyoanzishwa na Wajesuiti mwaka 1995, imewafaa wakimbizi wengi. Lakini mpishi anahitaji pia mtu wa kumjibu. Hata sanduku la maoni pale ofisini (ufunguo sijui anao nani) linataka hivyo.

Ombi langu kwa kamati na mashirika: kabla ya kuchapa tangazo, mtu mmoja aje bombani saa ya foleni, asikilize, na juma lifuatalo arudi aeleze amefanya nini.

Wanafunzi wangu wawili bado wanakosekana kila Alhamisi. Kwao jiko halijafika. Jumamosi saa tatu asubuhi tutakwenda kulijenga. Udongo tumeshauchimba, mikono haitoshi.