Mnyanya Ndani ya Ndoo

Katika miaka ya 1930, William Gericke wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliwastaajabisha Wamarekani kwa minyanya ya zaidi ya mita 7, iliyokua kwenye maji yenye madini, bila udongo.

Anayetaka kumuiga nyumbani aachane na mabomba membamba yanayotumika kukuzia letusi. Mizizi ya mnyanya huyaziba. Ndoo ya lita 20 kwa kila mche inafaa zaidi, iwe isiyopitisha mwanga, la sivyo mwani utafaidi mbolea. Pampu ya hewa, ile ya tangi la samaki, si anasa: mizizi inahitaji oksijeni, na maji yakipata joto huhifadhi oksijeni kidogo zaidi. pH ibaki kati ya 5.5 na 6.5.

Na kamba za kuubeba mmea? Zifungwe juu mapema, kabla matunda hayajauelemea.