Tai Mwenye Taji

Leo tutazungumza juu ya tai wa msituni, yule mwenye taji la manyoya kichwani. Ninyi mnaokaa karibu na misitu ya Usambara, Udzungwa, Mlima Kenya, au Kibale kule Uganda, huenda mmesikia sauti yake kabla ya kumwona. Dume hupaa juu sana, akashuka na kupanda tena, huku akilia. Anawaambia tai wengine kwamba hapa pana mwenyewe.

Mabawa yake ni mapana lakini mafupi, na mkia wake ni mrefu. Kwa hiyo aweza kupita katikati ya miti bila kujigonga. Mara nyingi hukaa kimya juu ya tawi, akangoja, kisha hushuka ghafula. Hula kima, mbega, perere na paa wadogo wa msituni. Kucha zake zina nguvu ajabu. Aweza kuua mnyama mzito kuliko yeye mwenyewe. Nyama asiyoweza kubeba huirarua vipande, akaiweka mtini ale siku nyingine. Kima wanamjua vizuri: mmoja akimwona hupiga kelele, na wote hukimbilia majani mazito.

Sasa sikilizeni vizuri. Dume na jike hukaa pamoja miaka mingi. Kiota ni kile kile, nao huongeza vijiti hata kikawa na upana wa meta mbili. Jike, ambaye ni mkubwa kuliko dume, hutaga yai moja au mawili, akaatamia siku 50 hivi. Dume humletea chakula. Wakianguliwa wawili, yule mkubwa humwua mdogo. (Ni ukatili, lakini ndivyo walivyo.) Anayebaki huruka baada ya miezi mitatu na nusu hivi, lakini wazazi huendelea kumlisha karibu mwaka mzima. Ndiyo sababu kwa kawaida hutaga mara moja tu kila miaka miwili.

Fanyeni hesabu. Kuku mmoja huangua vifaranga kumi kwa majuma matatu. Tai hawa wawili, kwa miaka kumi, hupata watoto watano, tena wote wakiishi. Mtu akimpiga tai kwa ajili ya mwana-mbuzi, au akiukata mti wenye kiota, pengo hilo halizibwi upesi. Afadhali wana-mbuzi wafungiwe zizini mpaka wakue.

Shaurianeni darasani: tai akitoweka katika msitu wenu, kima wanaokula mahindi watamwogopa nani?