Ukiumizwa, Usikae Kimya: Mambo ya Kujua Juu ya Fidia na Wakili

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Isiolo)



Leo tunazungumza juu ya mtu aliyeumizwa na mwingine. Vikundi vyetu vinajua kuchanga. Mmoja akigongwa na gari barabara ya Moyale, kesho yake daftari la harambee linazunguka. Hilo ni jambo jema. Lakini mchango ni huruma ya jirani, na fidia ni deni la aliyekosa. Kwa nini sisi tuuze mbuzi na mwenye deni akae tu?

Tukumbuke jambo la hapa karibu. Kule Archers Post na Dol Dol, jeshi la Uingereza lilifanya mazoezi kwa miaka mingi. Mabomu ambayo hayakulipuka yalibaki malishoni. Wachungaji, wengi wao watoto, waliyaokota wakakatika mikono, wengine wakafa. Watu walidhani hakuna wa kuulizwa. Basi shirika la OSILIGI likawakusanya Wasamburu na Wamaasai waliodhurika, na wakili Martyn Day wa London akachukua madai yao. Julai 2002 Uingereza ilikubali kulipa watu 228 jumla ya pauni milioni 4.5. Mchungaji asiye na kitu alidai serikali kubwa, na akalipwa.

Sasa tuulize: mtu hudai vipi? Kuumia peke yake hakutoshi. Ni lazima uonyeshe kwamba fulani alikosa uangalifu, na kwamba kosa lake ndilo lililokuumiza. Ndiyo maana tunasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Fanyeni haya mapema:

1. Nenda hospitali kwanza. Weka kadi, picha za eksirei na risiti zote, hata ile ya nauli.
2. Ripoti polisi, upewe namba ya OB. Chukua fomu ya P3, daktari aijaze.
3. Andika namba ya gari au pikipiki, jina la kampuni ya bima, na majina ya walioona.
4. Usitie sahihi wala kidole gumba kwenye karatasi ambayo hujasomewa ukaielewa.

Halafu kuna siku. Kesi ya kuumizwa ifunguliwe kabla ya miaka 3 kupita. Ukiishtaki Serikali, ni miezi 12 tu. Kuumia kazini pia, dai lipelekwe ndani ya miezi 12. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Je, kila jambo linataka wakili? Hapana. Kidonda kidogo kilichopona, na aliyekosa anakubali, mnaweza kumaliza mbele ya wazee, mkaandika na mashahidi wakatia sahihi. Lakini msimalize kabla daktari hajasema jeraha litaishia wapi. Mguu unaoonekana umepona leo unaweza kukulaza tena mwaka ujao, na ukishasaini kwamba yameisha, yameisha.

Aliyeumia kazini huanza kwa mwajiri na ofisi ya usalama kazini. Aliyeumizwa na ndovu au mamba huripoti kwa KWS, na dai lake huenda kwa kamati ya wanyamapori ya kaunti. Sheria ya 2013 inataja shilingi milioni 5 kwa kifo, milioni 3 kwa ulemavu wa kudumu, na hadi milioni 2 kwa majeraha mengine. Malipo huchelewa, lakini asiyepeleka fomu hata foleni hayumo.

Tafuta wakili ikiwa mtu amekufa au amebaki na ulemavu, ikiwa mwenzako anakana kosa, au kampuni ya bima inakupa pesa kidogo na kukuharakisha. Asiye na uwezo aulize Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016.

Jamani, muwe macho na madalali wa kesi. Hawa huja mpaka kitandani hospitalini, wakiwa na karatasi na wino. Wakili wa kweli hatumi mtu kuwinda wagonjwa, sheria inakataza. Sheria ya Mawakili pia haikubali mapatano ya "tukishinda nilipe, tukishindwa basi". Muulize wakili: ada ni kiasi gani? Iko wapi kwa maandishi? Hundi ikija, itapitia wapi? Hakikisha kwa Chama cha Mawakili kwamba ana leseni ya mwaka huu. Akikula pesa zako, iko Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, na kupeleka lalamiko huko ni bure.

Kazi ya kikundi ni nini basi? Chagueni mmoja anayejua kusoma, awe mtunza karatasi. Mwanachama akiumia, huyo aende naye polisi na hospitali, aandike tarehe, na aweke nakala ya kila hati. Mkichanga, changeni pia pesa ya kutoa nakala na nauli ya kwenda kortini. Mjane mwenye karatasi zake zote na watu wawili wa kikundi kando yake si rahisi kufukuzwa mlangoni.

Tukirudi nyumbani, kila kikundi kijiulize: nani kati yetu aliumia mwaka huu au mwaka jana, na bado hajadai? Aanze Jumatatu.