Chuo cha Wananchi ni Amana: Uwazi Humlinda Kiongozi na Anayeongozwa

(Mada iliyotolewa kwa waumini, Kawajense, Mpanda)

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, leo tunazungumzia uendeshaji wa vyuo wanavyosomea vijana wetu. Mkoa wetu wa Katavi una Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Msaginya. Vyuo vya namna hii vilianzishwa nchini mwaka 1975 kwa msaada wa Uswidi, baada ya Mwalimu Nyerere kuvutiwa na vyuo vya wananchi vya huko. Vinafundisha uashi, useremala, ushonaji, kilimo na mengineyo. Hatuji kulaumu chuo chochote. Tunauliza: ikiwa chuo ni cha wananchi, mwananchi ana haki gani ya kujua mambo yake?

Sheria imekwisha kujibu. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu kwa maisha yake na kwa jamii. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma imjibu mwombaji ndani ya siku 30. Hata kabla ya hapo, Mpango wa MMEM ulioanza mwaka 2002 ulizitaka shule za msingi zibandike mapato na matumizi kwenye ubao wa matangazo.

Dini yetu ilitangulia. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an, Al-Baqara 282, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi, ili pasiwe na shaka baina ya watu. Na katika Sahihi Bukhari tunasoma kuwa watu wa Kufa walimshitaki gavana wao, Saad bin Abi Waqqas (R.A.), kwa Khalifa Umar (R.A.). Umar hakuwanyamazisha walalamikaji kwa sababu Saad ni Sahaba mkubwa, wala hakumhukumu Saad kwa maneno ya watu. Alimwondoa kwanza katika kazi, akamwita, akamsikiliza. Kisha akatuma wajumbe Kufa, wakaulize habari zake msikiti kwa msikiti, mbele ya kadamnasi. Watu wakamsifu, isipokuwa mtu mmoja katika msikiti wa Bani Abs. Na Umar alipokuwa katika mauti alitangaza kuwa hakumwondoa Saad kwa udhaifu wala kwa hiyana.

Tazameni, ndugu zetu: uwazi ule ule uliomsikiliza mnyonge ndio uliosafisha jina la kiongozi. Lau jambo lile lingefichwa, Saad angebaki na doa mpaka leo.

Kwa hiyo tunashauri mambo matatu. Kwanza, chuo kibandike kila muhula ada, michango na matumizi yake, kwa Kiswahili anachokielewa mzazi. Pili, maamuzi ya bodi yanayowagusa wanafunzi yatangazwe kabla hayajaanza kutekelezwa, na wajumbe wanaoiwakilisha jamii warudi kwa watu kueleza. Tatu, lalamiko lipokewe kwa maandishi, mlalamikiwa asikilizwe, na jibu litolewe kwa siku iliyopangwa. Ama siri za mwanafunzi, kama maradhi yake na mambo ya nyumbani kwao, hizo zisitiriwe. Uwazi si kuvunjiana heshima.

Na sisi wazazi tuna wajibu. Surat An-Nisaa, aya ya 83, inawakemea wanaoeneza kila habari kabla ya kuirejesha kwa wenye mamlaka na ujuzi. Anayesema sokoni kuwa fedha zimeliwa, naye hajahudhuria kikao hata kimoja wala hajasoma tangazo, hatendi haki.

Jambo hili si dogo. Mzazi aliyeuza mpunga wake ili alipe ada, kisha akadaiwa mchango mwingine bila maelezo, huvunjika moyo akamrudisha kijana nyumbani. Fedha zaweza kuwa zimetumika kwa haki kabisa, lakini kijana amekwisha kukosa ufundi ambao ungemlisha maisha yake yote, kwa kukosekana karatasi moja ukutani.

Tunamuomba Allah awajaalie viongozi wetu uaminifu, nasi atujaalie insafu katika kuuliza. Wabillahi tawfiq.