Somo la Redio: Kula Kilabuni

Fungua daftari lako. Leo tutazungumza juu ya kilabu.

Mbulumbulu ni nchi ya ngano, mahindi na maharage, juu ya Bonde la Ufa. Huko kuna baridi. Mavuno yakiisha kuuzwa, watu hupenda kukaa kilabuni. Kilabu cha kizamani kina mabenchi, moto wa kuchomea nyama, na pombe ya nafaka. Mazungumzo yake ni matamu. Lakini kumbuka: fedha iliyomo mfukoni mwako ndiyo ya mbegu za mwakani na madaftari ya watoto.

Basi shika mambo matatu.

Kwanza, kula kabla ya kunywa. Pombe ikikuta tumbo tupu huingia upesi katika damu. Chakula huichelewesha, lakini hakiondoi ulevi.

Pili, soma ubao wa bei wewe mwenyewe. Tuseme nyama ni shilingi 3,000 na ugali 1,000. Jumla ni 4,000. Ukitoa noti ya 10,000, utarudishiwa 6,000. Zihesabu palepale, mbele ya mwuzaji.

Tatu, kataa gongo. Sheria ya mwaka 1966 ilikataza kuipika bila leseni. Pengine huwamo sumu ipofushayo macho.

Mtu asiyejua kusoma hulipa anachoambiwa. Wewe sasa unajua. Andika hesabu ile tena, lakini safari hii nunua nyama ya watu wawili. Umebakiwa na shilingi ngapi?

Kwaheri mpaka somo lijalo.